Sura mpya ya iPhone: kwa nini wengine wameipenda na wengine inawaumiza macho

Unalala na simu unayoijua, unaamka na simu ngeni. Vitufe vimehama, herufi zimefifia, na skrini inang'aa kama dirisha la gari juani. Hukununua simu mpya. Ni ileile, imejisasisha tu usiku ikiwa kwenye chaji.

Hicho ndicho kilichowakuta watumiaji wengi wa iPhone kuanzia Septemba 2025, Apple ilipotoa iOS 26 yenye mwonekano mpya uitwao Liquid Glass. Wapo walioshangilia, wapo waliolalamika, na wapo walioahirisha kusasisha wakisubiri waone wenzao watapatwa na nini.

Hapa tunaeleza kilichobadilika, watu walilalamikia nini, kampuni ilirekebisha nini, na wewe ufanye nini kama simu yako imebadilika na huipendi.

Jambo moja la kushika mapema: malalamiko ya watumiaji hayafanani. Mengine ni ya mazoea, na huisha yenyewe baada ya wiki chache. Mengine ni ya macho, mwili na kazi, na hayo hayaishi kwa kuzoea. Ukitazama historia, haya ya pili ndiyo yaliyowafanya wakubwa wa simu warudi mezani.

Nini hasa kilibadilika?

Liquid Glass ilitangazwa Juni 9, 2025 kwenye mkutano wa kila mwaka wa Apple na watengenezaji wa programu, WWDC. Apple iliyaita hayo mabadiliko mapana zaidi ya mwonekano kuwahi kuyafanya. Safari hii hayakuishia kwenye iPhone: iPad, kompyuta za Mac, saa za Apple Watch na Apple TV zote zilipewa sura moja.

Hata namba iliruka. Kutoka iOS 18 watu walishtuka kuona iOS 26. Si kwamba matoleo saba yalipotea, bali Apple iliamua kufuata mwaka, kama magari yanavyoitwa kwa mwaka wa modeli.

Kwa mtumiaji wa kawaida, mabadiliko makubwa ni haya:

- Vitufe, menyu na pau za chini zimekuwa kama vipande vya kioo. Kilicho nyuma yake kinaonekana, kikiwa kimepinda kidogo kama kitu kinachotazamwa kupitia chupa ya maji.
- Alama za programu zina ngazi za kioo, na unaweza kuzifanya zote ziwe angavu bila rangi.
- Saa ya kwenye skrini ya kufungia inaweza kurefuka na kujipanga kufuata picha uliyoweka.
- Pau za chini hujikunja unaposogeza ukurasa, kisha hurudi ukisogeza juu.
- Programu ya kupiga simu, kamera na kivinjari cha Safari vimepangwa upya.

Wazo la kioo lilitoka kwenye Vision Pro, kifaa cha Apple cha kuvaa usoni. Ukivaa kile kifaa, menyu zinaelea hewani na chumba unakiona nyuma yake, kwa hiyo kuna sababu ya kuzifanya zipitishe mwanga. Kwenye simu iliyo kiganjani hakuna chumba nyuma ya menyu. Kuna meseji zako, picha zako na salio lako.

Waliofurahi walifurahia nini?

Si haki kusema kila mtu alichukia. Watu wengi waliona simu yao ya miaka mitatu imekuwa mpya bila kutoa hata shilingi. Kioo kinavyocheza na mwanga ukiinamisha simu kiliwavutia wengi, hasa vijana wanaopenda kupamba skrini zao.

Wengine walisema sura ya zamani ilikuwa imekaa mno. Mtindo wa rangi bapa ulianza mwaka 2013, na kwa miaka 12 ulibadilika kidogokidogo tu. Kwao, hii ilikuwa hewa safi.

Waliolalamika walilalamikia nini?

Ukiyapanga malalamiko ya miezi ile ya mwanzo, yanaingia kwenye mafungu manne.

1. Kusoma. Hili ndilo lililorudiwa zaidi. Arifa iliyokaa juu ya picha yenye rangi nyingi ilikuwa ngumu kuisoma. Maandishi meupe juu ya kioo, kioo juu ya picha ya anga, hapo jicho linahangaika.

2. Kutafuta. Kitu kilichokuwa juu kimekwenda chini, kilichoonekana kimefichwa ndani ya menyu. Kwenye Safari, kufungua orodha ya kurasa zilizo wazi kulihitaji mguso zaidi katika mpangilio mpya.

3. Betri na kasi. Wenye simu za zamani kidogo walisema chaji inaisha haraka. Apple ilieleza kuwa baada ya sasisho kubwa ni kawaida betri kushuka kwa muda, kwa sababu simu inapanga upya data na kusasisha programu kwa ndani. Ilikiri pia kuwa baadhi ya vipengele vipya vinaweza kula nguvu zaidi.

4. Ladha. "Haipendezi." "Inafanana na kitu cha zamani." Wengi waliifananisha na Windows Vista ya mwaka 2007, ambayo nayo ilikuwa na madirisha ya kioo.

Wataalamu nao hawakunyamaza. Nielsen Norman Group, kampuni ya Marekani inayochunguza jinsi watu wanavyotumia mitambo na tovuti, ilichapisha uchambuzi mkali. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba urembo umewekwa mbele ya urahisi wa kusoma na kupata unachokitafuta.

Hii si mara ya kwanza: kumbuka 2013

Wenye iPhone za zamani watakumbuka. Hadi iOS 6, simu iliiga vitu halisi. Programu ya kuandika kumbukumbu ilifanana na karatasi ya njano yenye mistari, vitabu vilikaa kwenye rafu ya mbao, na sehemu ya michezo ilikuwa na kitambaa cha kijani kama meza ya kasino.

Oktoba 2012 Apple ilitangaza kuondoka kwa Scott Forstall, aliyekuwa akiongoza programu za iPhone. Jony Ive, aliyejulikana kwa kubuni umbo la vifaa vyenyewe, akapewa pia mwonekano wa programu. Juni 10, 2013 ikaonyeshwa iOS 7, na Septemba 18 ikaanza kuingia kwenye simu za watu.

Mbao, ngozi na kitambaa vyote vilifutwa. Zikaja rangi kali, herufi nyembamba na vitufe visivyo na mpaka. Neno la bluu peke yake ndilo likawa kitufe. Ukifungua programu, skrini inakurukia kama unatumbukia ndani yake. Ukiinamisha simu, picha ya nyuma inasogea.

Kelele zikaanza. Wapo waliosema rangi ni za kitoto. Wapo waliouliza kitufe kiko wapi. Lakini lipo lalamiko moja ambalo wengi hawakulitarajia: watu walisema simu inawapa kizunguzungu na kichefuchefu.

Mwanzoni wengine walicheka. Simu imtapishe mtu? Kumbe maelezo yapo. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachouambia ubongo kama mwili unatembea au umetulia. Macho yakiona skrini inakimbia na kukurukia, huku sikio likisema umekaa tu kwenye kiti, taarifa mbili zinagongana. Ni kinyume cha yule anayesoma gazeti ndani ya basi: yeye sikio linasema anatembea, macho yanasema karatasi imetulia. Matokeo ni yaleyale. Si kila mtu hupatwa, lakini anayepatwa hasingizii.

Apple ilijibu. Oktoba 22, 2013 ikatoka iOS 7.0.3, ambayo ilipanua kitufe cha kupunguza mwendo: ukikiwasha, ile mirukio inaondoka na skrini zinafifia na kubadilishana taratibu. Machi 10, 2014 ikaja iOS 7.1 na marekebisho zaidi. Kulikuwa na chaguo la kuvipa vitufe umbo, chaguo la kukoza rangi, na kasi zaidi kwa iPhone 4, simu ya mwaka 2010 ambayo ilikuwa inahema chini ya mfumo mpya.

Sasa angalia kilichobaki. Rangi kali zilibaki, herufi nyembamba zilinenepa kidogokidogo. Mbao na ngozi hazikurudi kamwe. Waliolalamika kwa sababu ya ladha walizoea. Waliolalamika kwa sababu ya mwili walipata kitufe, na kitufe hicho kipo hadi leo.

Kwa nini herufi juu ya kioo ni tatizo la kweli?

Jicho husoma kwa kutofautisha giza na mwanga. Maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe yana tofauti kubwa kabisa, 21 kwa 1. Kanuni za kimataifa za kurahisisha matumizi ya tovuti, zinazojulikana kwa kifupi WCAG, zinataka maandishi ya kawaida yawe na tofauti isiyopungua 4.5 kwa 1. Maandishi makubwa yanaruhusiwa kushuka hadi 3 kwa 1.

Kitufe chenye rangi moja nyuma yake kinapimika. Mbunifu anachagua rangi, anapima, anamaliza. Kitufe cha kioo hakipimiki hivyo, kwa sababu nyuma yake kunabadilika kila sekunde. Ukurasa ukiwa mweusi, herufi nyeupe inasomeka vizuri. Ukisogeza kidogo ikaja picha ya mchanga wa ufukweni, herufi ileile inapotea. Mfumo unajitahidi kukoza au kufifisha kioo kulingana na kilicho nyuma, lakini hauwahi kila mara.

Halafu kuna umri. Kuanzia miaka ya 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa na kusoma vitu vya karibu huwa kazi. Huyo ndiye mzazi anayeishika simu kwa urefu wa mkono. Kijana wa miaka 20 akisema "mbona mimi naona poa", anasema kweli, lakini ni kweli ya macho yake.

Ongeza na jua. Kioo kinachosomeka vizuri ndani ya ofisi kinaweza kisisomeke kabisa kituoni saa saba mchana. Mwanga wa nje unapiga juu ya skrini na kupunguza ile tofauti ya giza na mwanga ambayo tayari ilikuwa ndogo. Kwa mtu anayefanya shughuli zake barabarani, hilo si suala la urembo. Ni suala la kuona umeandika sufuri ngapi kabla ya kutuma pesa.

Apple ilijibu vipi safari hii?

Ukiifuata ratiba, unaona kampuni ikivutwa huku na huku:

- Juni 9, 2025: toleo la kwanza la majaribio kwa watengenezaji wa programu. Kioo ni angavu sana, na picha za skrini zisizosomeka zinasambaa siku hiyohiyo.
- Juni 23: toleo la pili la majaribio. Ile menyu ya kuzima na kuwasha vitu haraka inawekewa ukungu zaidi nyuma ili alama zionekane.
- Julai 7: toleo la tatu. Kioo kinakuwa kama cha dirisha la bafuni. Hapo kundi la pili likalalamika: mmeua uzuri wote!
- Julai 22: toleo la nne. Uangavu unarudi kwa kiasi.
- Septemba 15: iOS 26 inatolewa kwa watu wote.
- Novemba 3: iOS 26.1 inatoka na chaguo jipya. Mtumiaji anaweza kubaki na kioo angavu au kuchagua kioo kilichokolezwa rangi, kinachoficha zaidi kilicho nyuma.
- Desemba 12: iOS 26.2 inaongeza kitelezi cha kupunguza uangavu wa saa ya kwenye skrini ya kufungia.

Toleo hilo la 26.1 lilikuwa na rekebisho jingine dogo lenye maana kubwa. Kwenye iOS 26, kengele ya asubuhi ilikuja na vitufe viwili vikubwa vya kulingana, cha kuahirisha na cha kuzima. Mtu mwenye usingizi akigusa pasipo, kengele imezimwa na kazi imechelewa. Apple ikabadilisha: kuzima kengele sasa ni kwa kutelezesha kidole.

Mwanzoni mwa Desemba 2025 ikajulikana pia kuwa Alan Dye, kiongozi wa ubunifu wa mwonekano Apple na mmoja wa sura za Liquid Glass, anahamia Meta. Nafasi yake ikachukuliwa na Stephen Lemay, aliyekuwa na Apple tangu 1999. Wapinzani wa kioo walishangilia, lakini kuondoka kwa mtu mmoja si ushahidi kwamba kampuni inaacha njia yake.

Na sisi wa Android je?

Afrika Mashariki simu nyingi ni za Android: Tecno, Infinix, itel, Samsung, Redmi. Usidhani haya hayakuhusu. Android nayo hubadilishwa sura, na kila kampuni huongeza pambo lake juu.

Mfano wa karibu kabisa na maisha yetu ni Android 12 ya mwaka 2021. Kabla yake, ukishusha pazia la juu ulikuta kitufe cha Wi-Fi na kitufe cha data, kila kimoja peke yake. Google ikaviunganisha kuwa kitufe kimoja kiitwacho Internet. Kuzima data, ambako kulikuwa mguso mmoja, kukawa miguso miwili au zaidi kwenye simu zilizofuata mpangilio huo, kama Pixel.

Google ilieleza kuwa baadhi ya watu huzima Wi-Fi na kusahau kuiwasha, wakajikuta wanatumia data ya simu bila kujua. Kwa mtu anayelipia intaneti kwa mwezi, sababu hiyo inaingia akilini. Kwa mtu anayenunua bando la siku na kuwasha data pale tu anapoihitaji, kitufe kile ndicho bomba la maji. Ukimfichia bomba, maji yanamwagika. Samsung kwenye simu zake iliviacha vitufe hivyo mbalimbali.

Samsung nayo ilipata yake mwaka 2025 kwa One UI 7. Ilitenganisha pazia la arifa na pazia la vitufe vya haraka: ukishusha kutoka upande mmoja unapata hiki, upande mwingine unapata kile. Wengi walikereka. Tofauti ni kwamba Samsung iliacha chaguo la kurudisha mpangilio wa pamoja ndani ya pazia lenyewe, hivyo anayeona kero analiondoa kwa dakika moja.

Mwaka huohuo Google ikaleta mwonekano wake mpya, Material 3 Expressive. Ilisema imeujenga juu ya tafiti 46 zilizohusisha washiriki zaidi ya 18,000. Mwonekano huo ulipofika kwenye Pixel mwezi Septemba, mtumiaji aliruhusiwa kubadilisha ukubwa wa vitufe vya haraka, jambo lililokuwa likiombwa tangu Android 12 ilipovifanya vikubwa mno.

Je, watu waligoma kweli kusasisha?

Mwanzoni mwa 2026 zilisambaa habari kuwa watu wameikataa iOS 26, zikitumia takwimu za StatCounter. Tahadhari hapo.

StatCounter huhesabu kwa kusoma jinsi kivinjari kinavyojitambulisha kinapofungua tovuti. Kwenye iOS 26, Safari iliacha kutaja toleo halisi la mfumo. Inajitambulisha kana kwamba bado iko kwenye toleo la kabla yake. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kusasisha anaweza kuhesabiwa kuwa hajasasisha. Takwimu ya namna hiyo haitoshi kusema kuna mgomo.

Historia nayo inafundisha. Mwaka 2013, katikati ya kelele zote, Apple ilisema vifaa zaidi ya milioni 200 vilikuwa vimeingia iOS 7 ndani ya siku tano. Watu hulalamika na kusasisha kwa wakati mmoja. Kusasisha si kupenda, na kulalamika si kukataa.

Kwa nini wanabadilisha kitu ambacho hakijaharibika?

Sababu ni kadhaa, na si zote mbaya.

- Vifaa vimekuwa vingi. Kampuni yenye simu, saa, kompyuta na miwani inataka vyote vionekane ndugu.
- Skrini zimebadilika. Mwonekano uliobuniwa kwa skrini ndogo yenye kitufe cha chini haukai vizuri kwenye skrini ndefu isiyo na kitufe.
- Biashara. Sura mpya hufanya simu ya mwaka juzi ionekane ya zamani hata kama inafanya kazi vizuri, na huipa kampuni kitu cha kuonyesha jukwaani.
- Watengenezaji wa programu. Sura mpya huwasukuma kusasisha programu zao. Kwa iOS 26, Apple iliwapa njia ya muda ya kubaki na sura ya zamani, ndiyo maana ndani ya simu moja unaweza kukuta programu moja ya kioo na nyingine ya kale.

Ukishasasisha, unaweza kurudi nyuma?

Kwa iPhone, kwa mtu wa kawaida jibu ni hapana. Simu haikubali kuwekewa toleo la zamani bila idhini ya Apple, na Apple huacha kutoa idhini hiyo muda mfupi baada ya toleo jipya kutoka. Akija mtu mtaani akakuambia atakurudisha iOS 18 kwa ada kidogo, uliza maswali mengi kabla ya kumpa simu.

Je, usisasishe kabisa? Hapo kuna hatari nyingine. Masasisho hayaji na sura tu. Yanaziba pia mianya ambayo wezi wa mtandaoni huitumia. Septemba 15, 2025 Apple ilitoa pia iOS 18.7 yenye marekebisho ya usalama kwa waliokuwa hawajahama. Lakini usitegemee mlango huo kubaki wazi siku zote kwa simu inayoweza kupokea toleo jipya. Simu ambayo ndani yake kuna benki yako na pesa za simu haifai kuachwa na mianya kwa sababu ya kuchukia kioo.

Kwa wanaonunua iPhone zilizotumika, iwe Kariakoo au Luthuli, jua hili: iOS 26 inaanzia iPhone 11. iPhone XR, XS na XS Max, zote za mwaka 2018, haziipati. Muuzaji akikuambia "hii XR inaingia kila apdeti mpya", hapo amekudanganya.

Ufanye nini kama sura mpya inakusumbua?

Kwenye iPhone yenye iOS 26, fungua Settings kisha jaribu moja baada ya nyingine:

- Display & Brightness, halafu Liquid Glass: chagua Tinted. Chaguo hili lipo kuanzia 26.1.
- Accessibility, halafu Display & Text Size: washa Reduce Transparency ili kioo kipunguze kupitisha picha za nyuma. Washa pia Increase Contrast kama bado husomi vizuri, na Bold Text kama herufi ni nyembamba kwako.
- Accessibility, halafu Motion: washa Reduce Motion kama unapata kizunguzungu.
- Ndani ya programu ya simu, bonyeza alama ya mistari iliyo juu uchague Classic kupata mpangilio wa zamani.
- Kwenye mipangilio ya Safari, chagua Bottom au Top badala ya Compact.
- Badilisha picha ya nyuma. Picha tulivu yenye rangi moja inasaidia kuliko watu wengi wanavyofikiri.

Kwenye Android, majina hutofautiana kwa kampuni. Tafuta neno "font" kwenye mipangilio uongeze ukubwa wa herufi. Tangu Android 14 mfumo unaruhusu hadi asilimia 200. Tafuta pia "Remove animations" kuzima mirukio, na bonyeza alama ya kalamu kwenye pazia la juu upange vitufe vya haraka upya. Weka kitufe cha data mahali kidole chako kinapokifikia bila kutafuta.

Kama ni simu ya mama, baba au bibi, usiishie kumwambia "utazoea". Kaa naye, muulize aonyeshe ni kitu gani hakioni au hakipati. Mara nyingi ni kitu kimoja au viwili tu, na vina kitufe chake.

Namna ya kulalamika ikasikika

"Rudisheni ya zamani" ni lalamiko ambalo hakuna kampuni iliyowahi kulitekeleza kwenye mifano hii. Yaliyosikika yalikuwa mahususi: nikifungua programu napata kichefuchefu, arifa haisomeki juu ya picha hii, nimezima kengele nikidhani naahirisha. Kila moja lilipata jibu ndani ya miezi kadhaa.

Apple ina ukurasa wa kupokea maoni kwenye tovuti yake, na simu nyingi za Android zina sehemu ya maoni ndani ya mipangilio. Ukiandika, taja modeli ya simu, toleo la mfumo, unachojaribu kufanya na kinachokuzuia. Weka picha ya skrini ikiwezekana.

Lipo lakini moja la kusema wazi. Marekebisho mengi ya 2013 na baadhi ya haya ya 2025 yamewekwa ndani ya menyu ya Accessibility, mahali ambapo watu wengi hawafiki kwa sababu wanadhani ni pa wenye ulemavu tu. Asiyejua njia ya kufika huko anabaki na simu isiyosomeka, akijiona yeye ndiye mzito wa kuelewa. Si mzito. Kitufe chake kipo, ila kimewekwa mbali naye.

Kwa hiyo ukiona mtu anaisogeza simu mbali na karibu akijaribu kusoma, mwelekeze njia. Ni dakika mbili, na ataisoma meseji yake mwenyewe.